Kipande Changu cha Kilima

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Kasapa, niliwafundisha hesabu watoto wa jirani, na kila mwisho wa mwezi nilimtumia kaka yangu mkubwa sehemu ya malipo kwa simu. Yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa kwetu, anaishi Ulaya. Pesa zangu alizitia kwenye mfuko unaonunua kipande kidogo cha kila kampuni kubwa ya dunia, bila kuchagua hii wala kuiacha ile. Alinieleza kwamba kazi yangu ni kutuma, kisha kunyamaza miaka mingi. Kutuma niliweza. Kunyamaza, kwetu hakuna aliyejaliwa.

Jioni moja yaya alipiga simu, nikaongeza sauti ili baba amsikie mwanawe. Wakati wa kuagana akatania kwamba hata kampuni ya kilima chetu imo kwenye ule mfuko. Alicheka. Baba hakucheka.

Kilima chenyewe kiko upande wa Kipushi. Hapo tulikuwa na shamba, na hapo amezikwa nkambo wangu, mama yake baba. Kampuni ya mgodi wa shaba ilipokuja ilitulipa shamba, ikaahidi kuhamisha makaburi, kisha ikazungusha uzio na habari ikaishia hapo. Baba alihamia mjini, akawa fundi wa baiskeli. Kila kiangazi, wakati watu wanakwenda kufyeka majani kwenye makaburi ya wazee wao, yeye aligeuka mkali bila sababu, nasi tulimkwepa.

Simu ilipokatika aliniuliza, "Ni kusema na siye tuko benye kile kilima?"

"Kadogo sana, papa. Haifike hata jiwe moya."

"Jiwe moya inanitosha."

Nilidhani ni utani. Jumamosi nikamkuta amevaa koti lake la misa, jembe begani, ananingoja twende. Nilimweleza kwamba kumiliki kwa namna ile hakufungui mlango wowote, kwamba mimi mwenyewe sina hata karatasi mkononi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati, kisha tukapanda gari la Kipushi.

Getini tulimkuta mlinzi, kijana wa rika langu. Baba akavua kofia. "Huyu mutoto wangu iko mwenye kipande ya hapa," akamwambia. "Tunakuya kusafisha ku malalo ya mama yangu." Halafu akanigeukia niyarudie maneno hayo kwa Kifaransa, maana kwake mambo ya ofisi hayasikiki kwa Kiswahili. Nikayarudia. Kwa Kifaransa yalikuwa ya kipumbavu zaidi. Mlinzi aliangalia viatu vyangu, nami nikamchukia kwa hilo, ingawa viatu vyenyewe vilistahili kuangaliwa.

"Papa, munisamehe," alisema. "Hapa hata shefu banamuombaka badge."

Alisema kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Angetutukana ningepata pa kumwaga hasira zangu. Baba alimshukuru, akavaa kofia. Tukafuata uzio kwa nje mpaka tukauona mti wa msuku uliobaki peke yake kule ndani, ule ambao nkambo amelala chini yake. Baba alisimama mkabala na mti, akaanza kufyeka majani ya upande wetu. Alifyeka vizuri, aking'oa mpaka mizizi, kisha akafagia kwa tawi. Nilitaka kumwambia kwamba hapo hajalala mtu. Alipochoka nilichukua jembe nikaendelea.

Tangu siku hiyo mfuko ukawa wake kuliko wangu. Mwezi ukikaribia kwisha aliniuliza kama nimetuma, na mara nyingine alinipa noti zenye harufu ya grisi niongezee. Sikuwa na moyo wa kuzikataa.

Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta na kikohozi, na kikohozi hicho ndicho kilichomwondoa. Alikuwa ametuomba tumzike kando ya mama yake. Tulikwenda kuomba ruhusa, tukaambiwa tusubiri jibu, na maiti haisubiri. Tulimzika kwenye makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Kilio kilipokwisha yaya alipiga simu. Alisema pesa zimepanda, shaba inauzwa vizuri, afadhali niuze nilipie masomo yaliyobaki. Alikuwa akinihurumia, na kwa hesabu alikuwa sahihi. Nikamwambia siuzi. Akauliza sababu, kwa upole, kisha akauliza tena.

"Nikiuzisha, yaya, nkambo atabakia na nani mule?"

Mwisho wa mwezi nilituma tena.