Mwaka Usioandikwa Kwenye Cheti

Walimu wenzake waliliita darasa lake gereji. "Vipi mama, mwaka huu umepokea magari mabovu mangapi?" walimtania kwenye chumba cha chai, naye akacheka nao, kwa sababu asiyecheka huambiwa ana kinyongo. Na kinyongo alikuwa nacho, tele.

Wanafunzi walimwita Mama Sehemu. Kwa miaka ishirini na miwili aliwafundisha waliofika chuoni na alama dhaifu za hesabu, mwaka mzima wa maandalizi kabla hawajaruhusiwa kuanza masomo yenyewe. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo, chenye ubao uliopasuka na madawati yaliyokataliwa na idara nyingine. Humo watu wazima wenye watoto wao walijifunza upya kujumlisha nusu na theluthi, na wengine walilia. Aliwaambia kujikwaa si kuanguka, kisha akawapa maswali mengine kumi.

Jambo moja alilipigania mpaka soli za viatu zikaisha: mwaka huo usiandikwe kwenye cheti. Alichoka kuwaona vijana wake wakichekwa na wahadhiri na kunyimwa nafasi, eti ni mali ya gereji. Msajili alipokubali, majina yao yakafutwa kwenye orodha ya darasa hilo, naye akawaapia kwamba siri yao haitatoka mdomoni mwake. Alijiona amewatendea haki. Kumbe alikuwa anajichimbia shimo.

Siku ya kikao cha kuamua kama darasa lifungwe, mkuu wa chuo alimgeukia. "Mama, tusibishane. Tuonyeshe mmoja tu aliyetoka kwako akafika mbali. Mmoja."

Ng'ambo ya meza alikaa mkuu wa idara ya ujenzi, tai imenyooka. Miaka kumi na minne nyuma alikaa dawati la mwisho kule nyuma ya stoo, akihesabu kwa vidole vilivyofichwa mapajani. Mama Sehemu alimkazia macho. Sema wewe, mwanangu, alimwomba kimoyomoyo. Mimi nimeapa, wewe hukuapa.

Naye akasema. "Mkuu, chuo si hospitali. Mtu asiyejua kujumlisha nusu na theluthi anatafuta nini hapa? Tunawapotezea walimu muda."

Wenzake wakagonga meza. Maneno yalimfika Mama Sehemu kwenye ncha ya ulimi. Angemtaja tu, wanafunzi arobaini na mmoja waliokuwa wakimsubiri darasani wangepona, na mtu mmoja angeumbuka. Akayameza. Ahadi ni deni, walimfundisha waliomlea, na siku hiyo aliwachukia kwa kumfundisha hivyo. Mikono tisa ikanyooka kulifunga darasa. Wa kulitetea ulikuwa wake peke yake.

Kwenye korido yule bwana alimfuata mbiombio. Akageuka kwanza kuhakikisha hakuna anayewaona, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Asante sana kwa kunisitiri. Sitasahau."

Miaka yote hiyo Mama Sehemu hakuwahi kumnyima mwanafunzi wake marahaba, hata aliyemtukana. Alimtazama utosini, kimya, mpaka yule bwana akainua uso mwenyewe. Kisha akampita, akaenda kuwaambia wale arobaini na mmoja wakusanye vitabu vyao.