Kompyuta ya Mwalimu Edgar Isiyokubali Kuzima

Saa tatu asubuhi, Kimara Mwisho. Apolonia Gaspar ameinamia kompyuta mpakato kibandani kwake cha ufundi, mkono mmoja kiunoni. Anaiamuru izime. Kioo kinakuwa cheusi, lakini feni inaendelea kuvuma.

"Ona," anasema kwa uchovu. "Inajifanya imelala."

Mwenye mashine, Edgar Mbunda, ameketi kando yake. Ni mwalimu wa historia wa sekondari, na haoni tangu utotoni. Kompyuta humsomea kwa sauti kilichoandikwa. Apolonia ndiye aliyemwekea Linux, mfumo wa bure unaomsomea kwa Kiswahili.

Shida ilianza mfumo uliposasishwa. Anayeona angegundua taa ndogo bado inawaka. Edgar alisikia sauti ikinyamaza, akaamini imezima, akaitia begini. Alipofika darasani, begi lilikuwa la moto na betri imekwisha.

"Wanafunzi wananisubiri, mie nimeshika chuma," anasema. "Niliona aibu."

Fundi mwingine alimshauri anunue mpya. Apolonia akakataa.

"Mie ndiye niliyemwekea. Nikimwambia anunue nyingine, si nimemtupa?"

Mama huyu, ambaye wateja humwita Mama Hope, alianza na redio, akahamia simu, kisha kompyuta. Mgongo unamuuma, macho yanamtoka machozi, na umeme ukikatika analaumiwa yeye.

"Siku hizi mtu akiniambia, 'Mama Hope, shida ndogo tu,' nachoka kabla sijaiona."

Anachomoa kila kilichochomekwa. Feni bado inavuma. Anasoma kumbukumbu za mfumo: programu zote zilifungwa salama, ila hatua ya mwisho, ya kukata umeme, haikufanyika. Basi anaiwasha kwa toleo la zamani la kiini cha mfumo, lililokuwepo kabla ya kusasishwa, kisha anaiamuru tena izime.

Feni inanyamaza.

"Mama Hope, imezima?"

"Imezima, mwalimu. Iguse."

Edgar anaweka kiganja juu yake, anakiacha hapo kwa muda, kisha anacheka peke yake.

Apolonia hacheki. Orodha ya kuchagua toleo, inayotokea mashine inapowashwa, haina sauti, hivyo Edgar hawezi kuchagua mwenyewe. Ameipanga mashine ijiwashe kwa lile la zamani kila mara, na anajua hicho ni kiraka; toleo la zamani likikaa sana, ulinzi wake hupitwa na wakati. Amewaandikia watengenezaji kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Hawajamjibu.

Kwa sasa anatafuta mashine kuukuu ya aina hiyohiyo, ajaribie humo kila toleo jipya kabla halijamfikia mwalimu.

"Likipatikana toleo linalozima vizuri, nitampelekea mwenyewe hadi shuleni," anasema, akikanda kiuno. "Halafu nafunga banda, naenda Bukoba kwa mama. Nikalale."