Kipimajoto Kimoja, Midomo ya Foleni Nzima

Hyasinta alitoka Newala akiwa msichana, akasomea uuguzi, akapangiwa wodi ya wanawake waliopasuliwa katika hospitali moja ya mjini. Kufikia mwaka 1983 alikuwa na miaka kumi na moja kazini, na katika miaka hiyo yote pua yake haikupata likizo hata siku moja.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na wagonjwa thelathini na wanne. Waliozidi walilala sakafuni, kichwa cha huyu kwenye nyayo za yule. Glavu zilivaliwa, zikafuliwa, zikaanikwa dirishani kama soksi, zikavaliwa tena mpaka vidole vikatoboka. Mende walikuwa wakitembea juu ya bandeji mchana kweupe, hawana wasiwasi, kama walioajiriwa. Jamaa za wagonjwa walitua masufuria ya samaki wa soko la Feri juu ya toroli la kusafishia vidonda, na ukiwaambia waondoe wanakuuliza, "Sasa tuweke wapi, sista? Kichwani kwako?"

Hyasinta hakuwa mtu wa kulia wala wa kuhubiri. Alikunja uso, akatafuna karafuu, akafanya kazi. Sisi wapangaji wenzake mtaa wa pili kutoka sokoni tulimjua kwa sura hiyo iliyokunjwa. Watoto walidhani alizaliwa nayo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba aliingia zamu, akachukua karatasi za joto za wagonjwa na kuanza kuzipitia. Kitanda cha kwanza, thelathini na saba. Cha pili, thelathini na saba. Cha tatu, cha nne, cha tano, hivyo hivyo, kwa mwandiko ule ule. Akafika kitanda cha tisa. Mama wa kitanda cha tisa alikuwa amefariki tangu saa nane usiku na kupelekwa chumba cha maiti. Joto lake la saa kumi na mbili asubuhi lilikuwa thelathini na saba.

"Angelina," alimwita nesi wa usiku, aliyekuwa anafunga viatu aende zake. "Huyu wa tisa ulimpimia wapi? Ulimfuata kwenye jokofu?"

Angelina alipiga miayo. "Themometa haionekani tangu jana jioni, dada. Karatasi lazima zijazwe. Ulitaka niandike nini?"

"Ungeacha wazi."

"Niache wazi, matroni anikate ulimi?"

Akaenda zake kulala.

Hyasinta alisogea mpaka kitanda cha kumi na mbili. Hapo alilala Siwema, binti wa miaka kumi na tisa, aliyepasuliwa kidole tumbo siku nne kabla. Hakuhitaji kumgusa. Kidonda kilikwisha kumwambia kutoka hatua tatu, kwa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye gunia. Akamwekea mkono shingoni, akaurudisha upesi. Binti alikuwa anaungua. Alikuwa anaongea na mtu asiyekuwepo, akimwomba asimwagie maji uani.

Daktari alipita, akanusa, akaandika penisilini ya sindano, mara nne kwa siku. "Ikichelewa mpaka kesho," alisema, "usiniite mimi. Mwite shehe."

Hyasinta alishuka na karatasi mpaka dirisha la dawa. Mtoa dawa alikuwa Bwana Augustino, mtu mwembamba aliyelinda makabati yake kama mke wa pili. Alitazama maandishi ya daktari, akatazama karatasi ya joto, akairudisha kwa ncha ya kidole.

"Thelathini na saba. Huyu mzima. Mpe chai."

"Kaka Augustino, hiyo namba imetungwa. Themometa imepotea."

"Basi na wewe utatunga thelathini na tisa. Mwezi uliopita mmenijazia homa za uongo humu, penisilini ikaenda kuuzwa kwa walanguzi. Sasa hivi kuna msako wa walanguzi, wanaokota watu majumbani, na mimi sitaki kwenda kulima Kigoma kwa ajili ya mwandiko wenu. Chupa zimebaki kumi na mbili. Lete kioo chenyewe, nione zebaki kwa macho yangu. Saa tisa nafunga."

Ningekuwa mimi ningemtafutia Augustino sukari robo kilo, tukamalizana. Hyasinta hakuwa na sukari. Alikimbia wodi ya wanaume. Kipimajoto cha kwao kilikuwa kimevunjika wiki iliyopita. Wodi ya watoto walikuwa nacho, lakini sista wao alikifungia kwenye sidiria na hakukiazimisha hata kwa matroni.

Ikabidi afikiri. Kipimajoto cha wodi yake hakikuwa na chombo. Gilasi yake ilikwisha kupasuka, na kwa mwezi mzima walikuwa wanakisimamisha ndani ya kikombe chochote cha mgonjwa kilichokuwa karibu. Jana kikombe kilikuwa cha Siwema, cha bati, chenye ua jekundu. Na jioni kengele ya kuwatoa wageni inapogongwa, jamaa hukusanya vyombo vyao mbiombio, mabakuli ndani ya masufuria, vikombe ndani ya mabakuli, wakafunga kwa kanga na kuondoka. Kikombe kilikwenda kwao. Na kilichokuwa ndani ya kikombe, je?

Saa saba mchana, akiwa amejifunga kanga juu ya gauni lake jeupe, Hyasinta alikuwa uani kwa Bi Kuruthumu, mama yake Siwema, karibu na Mtaa wa Msimbazi.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu."

"Marahaba, mwanangu. Siwema anaendeleaje?"

"Vibaya. Kile kijiti cha kioo kilichokuwa ndani ya kikombe kiko wapi?"

"Alaa, kumbe ni chenu? Nilidhani kitu cha kukorogea dawa. Kaka yangu Mrisho alikiona, akasema hicho ni cha kupimia homa, akaondoka nacho alfajiri. Yuko foleni ya sabuni, duka la ushirika."

Foleni ya sabuni kila mtu wa Kariakoo aliijua. Watu waliamka gizani wakapanga mawe, makopo na ndala mbovu kushika nafasi, wakarudi kulala. Duka likifunguliwa, kila mtu alisimama kwenye jiwe lake na kugombana na aliyelisogeza. Bwana Pantaleo, balozi wa nyumba kumi, alisimamia utaratibu, na utaratibu wake ulikuwa na mlango mmoja tu wa huruma: wajawazito, vikongwe na wagonjwa walipita mbele.

Mrisho alikuwa ameusoma mlango huo vizuri. Hyasinta alimkuta ameketi juu ya kreti mwanzoni mwa foleni, kipimajoto mkononi, na kundi limemzunguka. Malipo yake yalikuwa sigara moja kwa kila mdomo. Alikitia kwenye mdomo wa mtu, akahesabu mpaka hamsini, akakichomoa, akakipangusa kwenye shati lake lenye mate ya tambuu, akamwonyesha balozi.

"Arobaini na moja! Huyu anakufa, balozi. Mpishe."

Na balozi, ambaye hakuwahi kushika kitu kile maishani, alikunja midomo kama daktari na kumpisha.

Hyasinta alitazama midomo. Mzee mwenye meno mawili meusi. Kuli aliyekuwa anakohoa na kutema pembeni ya mguu wake mwenyewe. Mwanamke mwenye kidonda kwenye pembe ya mdomo. Wote kwa kijiti kimoja, kikitoka na uzi wa mate unaong'aa juani, kikiingia kwa mwingine. Akaitafuna karafuu yake kwa nguvu.

Halafu akaelewa jambo la pili. Mrisho hakuwa anakikung'uta. Zebaki ya kipimajoto cha hospitali ikishapanda haishuki mpaka uikung'ute kwa nguvu. Asubuhi mtu mmoja mjanja alikunywa chai ya moto kabla ya kupimwa, ikapanda mpaka arobaini na moja na kitu, na tangu hapo kila aliyepimwa alikuwa na arobaini na moja. Wagonjwa mahututi thelathini walikuwa wamekwisha kwenda mbele. Foleni ilikuwa imejigeuza, wa mwisho wamekuwa wa kwanza, na sisi wachache tuliobaki na mawe yetu na afya zetu tulikuwa tunatukana tu.

Jambo la tatu lilikuwa baya zaidi. Aliyefuata kupimwa, mwanamke mmoja mnene aitwaye Tatu, alikuwa anapuliza kikombe cha chai inayotoka moshi. Chai ile ingepandisha zebaki mpaka ipasue kioo.

"Kaka Mrisho," Hyasinta alisema kwa sauti ya chini, "hicho ni cha hospitali. Mpwa wako Siwema ana homa, bila hicho hapati dawa."

Mrisho hakumtazama vizuri. "Siwema ana manesi wake, wanalipwa na serikali. Njoo jioni, foleni ikiisha utakichukua."

"Jioni dirisha la dawa limefungwa."

"Basi kesho. Dada, usinizibie wateja."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Mtu mwingine angepiga kelele au angekipokonya, na kioo kingevunjika mikononi mwao. Hyasinta alitabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akafungua kanga kidogo, gauni jeupe likaonekana.

"Basi nipime na mimi. Mimi ni nesi, nina homa, na nyumbani sina sabuni."

Mrisho aliruka kutoka kwenye kreti. Mchuuzi gani angekataa tangazo kama hilo? "Mnaona? Mnaona? Hata nesi wa serikali anakuja kupimwa kwangu! Bi Tatu, subiri kidogo na chai yako. Fungua mdomo, sista, sigara nakusamehe."

Akakipangusa kwenye shati, akamtia mdomoni.

Hyasinta alifunga midomo, akakibana, akageuka, akaondoka.

Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayebeba yai. Mrisho alihesabu mpaka ishirini kabla ya kuona kwamba mteja wake anakwenda.

"We! We dada! Mwizi huyo! Mwizi!"

Kariakoo ukiitwa mwizi una dakika moja ya kujieleza, na Hyasinta hakuweza kusema neno. Vijana wa mikokoteni walimzunguka. Yeye aliacha kanga idondoke, akasimama katikati yao na gauni lake jeupe, kijiti kimetokeza mdomoni, anatazama mbele. Hakuna aliyethubutu kukivuta.

Bwana Pantaleo alifika anahema. "Mrisho, amekuibia nini?"

"Kipimo changu!"

"Chako? Ulikinunua duka gani?"

Mrisho alisukuma sigara zake mfukoni. Mwezi ule wa msako, kila mtu sokoni alijua swali hilo linaishia wapi. Watu walikuwa wamefukia magodoro na redio ardhini kwa kuliogopa.

"Ulikinunua wapi, ndugu?" balozi alirudia, na sasa alikuwa amekumbuka pia wagonjwa thelathini aliowapisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi," alisema Mrisho. "Nilikuwa namtania."

Vijana wakacheka, wakampisha nesi.

Saa tisa kasoro dakika tano Bwana Augustino alikuwa anavuta dirisha lake. Mkono uliingia, ukazuia. Hyasinta alikuwa amekwisha kukitoa kipimajoto mdomoni huko nje na kukipangusa kwenye gauni; sasa alikisimamisha mbele ya miwani ya mtoa dawa bila kukikung'uta.

Augustino alikigeuza kwenye mwanga, mara mbili. "Arobaini na moja na pointi mbili! Na bado anapumua?"

"Ndiyo maana nakuharakisha, kaka."

Alimpa chupa nane, akatia sahihi.

Juu wodini Hyasinta alikikung'uta kipimajoto mpaka bega likauma, akakisugua mara tatu kwa sabuni na maji baridi ya mwisho ya ndoo, akakiweka kwapani kwa Siwema. Thelathini na tisa na pointi nane. Akaiandika namba hiyo juu ya ile ya Angelina, kwa wino mzito. Akachanganya dawa, akamgeuza binti ubavu, akamchoma. Siwema aliguna, akamwita mama yake, jina la mtu wa kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kisha Hyasinta aliweka bomba la sindano kwenye trei, akaenda kwenye karo na kutapika yote: chai ya asubuhi, karafuu, na mate ya watu thelathini ambao hawakuwa na homa. Akafungua bomba la karo asukutue. Halikuwa na maji.

Alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono na kutazama saa. Sindano ya pili ilikuwa saa tatu usiku, zamu ya Angelina. Akavuta kiti mpaka kitanda cha kumi na mbili, akaketi, akaisubiri mwenyewe.