Dua ya kumeza dawa niliyofundishwa na mzee Myahudi pale Industrial Area

Wakuu, habari za leo.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nacheka na mabishano yenu ya mpira na siasa, natoka. Lakini juzi kuna mmoja aliuliza kama ni kukosa imani kuomba halafu umeze dawa, na nyinyi mkamkatakata kama nyama ya soko la Burma. Nikasema hapana, huyu ameuliza swali la maana, na mimi jibu lake nililipata nikiwa kijana.

Ninayosimulia yalinipata mimi, kwa mwili huu. Asiyeamini apite tu salama, siko hapa kugombana na mtu.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Mbotela hapa Nairobi, mimi na mama, kwenye chumba kimoja cha kanjo, yaani baraza la jiji, kilichogawanywa na pazia. Upande wa dirisha ulikuwa wake, upande wa mlango wangu. Baba alikuwa ameshafariki, na wadogo zangu walikuwa Machakos kwa nyanya.

Mama alikuwa anaitwa Syombua. Hilo jina lishikeni, tutalihitaji.

Tulikuwa watu wa kanisa moja dogo ambalo sitalitaja. Msinielewe vibaya, walikuwa watu wazuri. Ukifiwa wanakuja wote, ukikosa unga wanakuletea bila kukuuliza maswali. Lakini walikuwa na sheria yao, kwamba muumini hamezi dawa, hata tembe ya kichwa. Ukiugua unaombewa. Ukienda hospitali, umesema Mungu hatoshi.

Baba alikohoa mwaka mzima na kuombewa mwaka mzima, kisha akafa. Mama ndiye aliyekuwa anaongoza maombi kando ya kitanda. Siku ya mazishi aliimba mpaka kaburi likafunikwa, na sikumwona akilia.

Sasa tuje kwangu.

Kibarua changu kilikuwa Industrial Area, kwenye workshop ya makochi. Nilikuwa najaza sponji na kugongelea kitambaa. Mwenye workshop alikuwa mzee mmoja ambaye sisi tulidhani ni Mzungu kama Wazungu wengine, mpaka fundi mkubwa akatuambia huyu ni Myahudi. Tulimtazama wiki nzima. Wayahudi tulikuwa tunawajua kwa Biblia tu, na huyu alikuwa na ovaroli lenye gundi magotini.

Tulimbandika jina Mzee Saa Nne. Chai ya saa nne ikifika, alikuwa anatoa kichupa cha tembe zake za moyo, anaweka moja kiganjani, anainamisha kichwa, ananong'ona kitu, ndipo anameza. Kila siku ya Mungu. Wenzangu walikuwa wanasema mzee anaongea na dawa kwa sababu nyumbani hana wa kuongea naye. Tulikuwa tunacheka, lakini hatukuwa mbali na ukweli. Mkewe alikuwa amekufa na watoto wake walikuwa ng'ambo.

Halafu nikaanza kukohoa.

Kwanza nikasema ni vumbi la sponji. Kisha nikakonda, suruali nikawa naifunga kwa kamba. Siku moja nikakohoa damu juu ya kitambaa cha mteja, kitambaa cha rangi ya krimu, kipya. Nikajua kazi imeisha. Mzee alikitazama kile kitambaa, akanitazama mimi, akaenda kuchukua funguo za gari. Alinipeleka mwenyewe mpaka kliniki ya kanjo na akakaa kwenye benchi mpaka nikaitwa.

TB.

Sista, yule muuguzi wa kliniki, akanieleza bila kunizungusha. Sindano kila siku kwa miezi ya kwanza, na tembe za kila siku kwa mwaka na zaidi. Akasema utapata nafuu mapema na utajiona umepona, na hapo ndipo wengi wanaacha. Ukiacha itarudi, na ikirudi hatutakuwa na la kukufanyia.

Wakuu, hapo ndipo nilijua upweke ni kitu gani.

Pale kwenye laini yetu ya nyumba habari ilifika kabla yangu. Kwenye bomba la maji nikifika watu wanakumbuka wana haraka. Marafiki zangu wa mpira walikuwa wananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, tena kwa furaha sana, lakini hawavuki. Jirani aliyenilea kama mwanawe alininunulia kikombe changu, akafunga uzi mwekundu mkononi mwa kikombe kisichanganyike na vyao.

Na kanisani mtu mmoja aliniona kwenye foleni ya sindano. Jumapili ile ile nikatengwa. Kwa wasiojua, kutengwa maana yake hakuna muumini anayeruhusiwa kukusalimia wala kula nawe mpaka utubu na uache ulichotengewa.

Mama alikuwa muumini.

Hakunifukuza, na hilo namshukuru mpaka leo. Alikuwa anapika, anaweka chakula changu juu ya stuli, anakifunika kwa sahani, anarudi upande wake wa pazia. Uji asubuhi, hivyo hivyo. Neno, hakuna. Chumba kimoja, wakuu. Nasikia akigeuka kitandani, nasikia akikunja nguo, nasikia akiomba. Mimi nikisema "Mwaitu," ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, pazia linanyamaza.

Nilimkasirikia sana. Nilichukua muda mrefu kuelewa. Kama mimi ningepona kwa sindano, basi baba pia angepona kwa sindano. Hilo ndilo lililokuwa limelala katikati yetu, kanisa lilikuwa juu juu tu.

Niliporuhusiwa kurudi kazini, Mzee aliniwekea meza nje, chini ya kibanda cha mbao, penye upepo, ili wenzangu wasiogope. Nikajua hapa pia nitakula peke yangu. Saa nne ikafika, nikaona anakuja na kikombe chake na kichupa chake, akavuta kiti, akaketi.

Sista alikuwa amenipa tembe za kuanzia, nizimeze na chai. Nilikuwa nazishika mkononi mpaka zinatoa rangi. Mtanicheka, lakini niliziogopa. Ukifundishwa kitu tangu utotoni hakitoki kwa sababu sista amekueleza. Kila nikimeza nilikuwa nahisi nimemgeuzia Mungu mgongo, na kwa hivyo sikuwa naomba kabisa. Niliona nitaanzaje.

Nikamuuliza, "Mzee, wewe huwa unaiambia nini hiyo dawa?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi hapana ambia dawa," akasema. "Dawa hana sikio."

Kiswahili chake kilikuwa cha kupigia makelele lori lirudi nyuma, kwa hivyo nitawanyooshea. Alisema anamwambia Mungu. Akanipa maneno yenyewe kwa lugha yao, kisha tukayatafuta pamoja kwa Kiswahili, mimi nikimrekebisha. Tuliyafikisha hivi: *Iwe ni mapenzi yako, Bwana Mungu wangu, jambo hili ninalofanya liwe la kuniponya, kwa maana wewe unaponya bila malipo.*

Basi. Ndiyo dua nzima.

Nikamweleza mambo ya kanisa letu. Nilidhani atawacheka. Hakucheka. Alisema wazee wao pia walibishana jambo hilo zamani sana, kuna waliosema kutafuta tiba si desturi njema kwa mwanadamu. Wakajibiwa wasiseme hivyo, kwa sababu daktari amepewa ruhusa aponye. "Nani alimpa?" nikauliza. Akanyoosha kidole juu, kwenye mabati.

Kisha akaniuliza jina la mama yangu.

Nikashangaa. Kwetu mtu ni wa babake. Akasema kwao mgonjwa akiombewa anatajwa kwa jina la mama. Nikamwambia, Syombua. Akalirudia mara kadhaa mpaka likamkaa mdomoni, na siku ile akaniombea kwa sauti, Mutua mwana wa Syombua. Mimi sikuweza kunywa ile chai. Lilikuwa jina la mtu ambaye hajanisemesha kwa miezi, na huyu mzee wa watu analitamka kama la dada yake.

Baada ya hapo nikawa naliweka jina hapo hapo mwisho wa dua nikijiombea mwenyewe. Kama ni makosa, basi nimekosea miaka yote hii.

Kitu kingine alichonieleza ni kuhusu Amina. Alisema ukimaliza dua yako, hujiitikii mwenyewe. Amina ni ya anayekusikia. Akasema maombi yao makubwa yanataka wanaume kumi, na hapa Nairobi siku nyingine hawatimii, lakini hii ya dawa mtu anaisema peke yake. Shida ni hiyo Amina tu. Tangu mkewe afe alikuwa anameza tembe zake bila Amina.

Kuanzia siku hiyo nikawa namwitikia, naye ananiitikia. Yeye moyo, mimi mapafu. Wenzetu ndani walikuwa wanasema sasa wako wawili wanaoongea na dawa.

Sindano zikaisha, zikabaki tembe. Nikanenepa, kikohozi kikakatika.

Kisha Mzee akafa.

Alhamisi alienda nyumbani mapema akishika kifua, Ijumaa asubuhi tukaambiwa hayuko tena. Sisi mambo ya msiba tunayajua. Pale pale kwenye makochi tukachagua mwenyekiti wa kamati, tukapanga michango, tukapanga maombi ya jioni, fundi mkubwa akaenda kuulizia basi la kukodi. Jumatatu karani akatuambia Mzee alizikwa Ijumaa ile ile kabla jua halijatua, ndiyo desturi yao. Tulisimama na kofia mkononi hatujui tufanye nini. Sikuwahi kumsindikiza hata hatua moja, na iliniuma.

Tembe nikaanza kuzimezea nyumbani, asubuhi, na uji. Nilikuwa naisema dua polepole, namaliza, nangoja kidogo, halafu nameza. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa akaja, Jumamosi mchana. Ilikuwa mara ya kwanza muumini kukaa kwenye kiti changu tangu nitengwe. Akanitazama akasema, "Kijana, umepona. Kila mtu anaona umepona. Njoo kesho, uje na hizo dawa, uziweke pale mbele, tukupokee. Mama yako ameteseka vya kutosha."

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia ameacha kufanya alichokuwa anafanya.

Wakuu, nilikubali. Nilikumbuka maneno ya sista, yote, lakini nilikuwa nimechoka. Nilikuwa tayari kuugua tena bora mama aniite jina langu. Sioni aibu kuliandika hilo, aliyewahi kuishi na mtu asiyemsemesha atanielewa.

Jumapili asubuhi nikavaa shati safi. Kichupa nikakiweka mfukoni. Uji ulikuwa juu ya stuli, umefunikwa kama kawaida. Nikasema nimeze ya leo, iwe ya mwisho. Na kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, sikunong'ona. Niliisema dua kwa sauti yangu yote, nikiwa nimeelekea pazia. *Iwe ni mapenzi yako, Bwana Mungu wangu.* Nikaifikisha mpaka mwisho. Mutua mwana wa Syombua.

Nikangoja, kama kawaida yangu.

"Amina."

Nilidhani nimesikia vibaya. Tembe ilikuwa bado kiganjani.

"Meza," akasema mama, sauti imekwaruza. "Uji unapoa."

Nikameza. Pazia halikufunguka. Nilimsikia analia, na alilia kilio kirefu ambacho hakikuwa changu peke yangu. Kilikuwa cha baba. Nilikaa nje ya pazia nikamwacha amalize.

Baadaye akatoka amevaa nguo za kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akaenda. Mimi nikavua lile shati, nikabaki na dawa zangu. Sijui aliwaambia nini huko. Ninachojua ni kwamba aliporudi, sahani zetu mbili zilikaa kwenye meza moja, na kila asubuhi mpaka tembe zikaisha niliitikiwa Amina. Habari za baba hatukuzizungumza hata siku moja.

Miaka mingi baadaye yeye akapatwa na presha. Daktari alipompa tembe aliziweka kiganjani akazitazama sana. Kisha akaniambia, "Mama yangu alikuwa anaitwa Kalunde. Anza."

Kwa hivyo wewe uliyeuliza juzi, jibu langu ni hilo. Omba, kisha meza, na usiache katikati kwa sababu ya mtu yeyote, hata mama. Na ukiwa na mgonjwa nyumbani ambaye hukubaliani naye, bishana naye ukitaka, lakini usimnyamazie.

Mama alishapumzika. Siku hizi naishi peke yangu huku Makadara, na presha nimeirithi. Saa nne nachemsha chai, natoa tembe yangu, naisema dua, nangoja kidogo.

Wenye maoni karibuni, hata wa kunikosoa. Na asiye na maoni, mimi ni Mutua mwana wa Syombua, saa nne inakaribia, niandikieni tu Amina hapo chini.