Siku Nilipoita Wenye Kunidai

Mimi deni nililipa. Ninalisema mwanzoni kabisa, maana huku Kasongo watu wanasikia nusu ya neno, nusu ingine wanajitengenezea.

Ilikuwa hivi. Sisi wamama wa soko tuko na likelemba: kila juma kila mutu anatoa franga zake, zote anabeba mumoja, juma lingine mwingine, mpaka duru inaisha. Mwaka mumoja zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Nikanunua chumvi na sukari, nikapakiza ku pikipiki kwenda kuuzia wachimba dhahabu upande wa Kabambare. Mvua ikatukuta njiani, pikipiki ikaanguka mutoni. Chumvi ikarudi maji, sukari ikaifuata. Nilibaki na magunia matupu, na michango ya wenzangu sikuweza tena kuitoa.

Nikalima muhogo. Nikauza majani yake, sombe, asubuhi na mukaa jioni, nikalipa kidogo kidogo mpaka mwisho. Prezidenti wetu, mama mumoja muuza vitambaa, alipokea franga za mwisho mbele ya wote, akasema, "Aksanti mama." Nikafikiri imeisha. Kumbe wapi. Kila duru mupya mimi nikawa wa mwisho, miaka inaenda, mimi wa mwisho tu. "Yule ni mudeni mubaya," wanasema. Siku moja nikamuuliza prezidenti: mutu akisha kulipa, jina lake linakaa chafu mpaka lini? Akanijibu, "Tutaona." Tutaona nini? Hata mufungwa wa gereza anajua siku ya kutoka.

Mwaka huu mwenye kibanda ninachopanga sokoni alitaka garanti mupya, franga za kutanguliza, mbele ya mwezi kuisha, la sivyo anakitoa kwa mufanyabiashara wa dhahabu. Kibanda kile ndicho kinasomesha watoto wangu. Nikaomba zamu ya kwanza. Prezidenti akatikisa kichwa, akaendelea kukunja vitambaa vyake.

Hasira ilinipanda, sitaficha. Usiku ule nikakumbuka namna tunavyozika. Kwetu, mbele ya kufukia mwili, mutu wa jamaa anasimama na kuita: mwenye kumudai marehemu aseme sasa. Mwenye kunyamaza, basi, deni limeingia kaburini, asije kesho kugonga mulango wa wajane. Kwa hiyo mutu aliyekula mali ya watu, akifa, anasafishwa mangaribi moja. Na mimi niliyelipa mpaka franga ya mwisho, kwa sababu ninapumua, ningali muchafu. Hiyo ni akili ya wapi?

Nikamuambia yaya wangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, kwamba ku mukutano wa likelemba atasimama aniitie wadai. Akashika kichwa. "Unajiitia kifo, wewe. Mimi simo." Nikamujibu, kama humo, nitaita mwenyewe.

Siku ya Mungu, kisha ibada, wamama wakakusanyika ku kiwanja cha prezidenti. Nikatandika mukeka katikati yao, nikalala chali, nikajifunika kitambaa cheupe mpaka kichwani. Soga zikakatika. Kutoka chini ya kitambaa nikaita kwa sauti ya kilio: "Jamaa, mwenye kumudai huyu marehemu aseme sasa."

Nilisikia kuku wakiparua karibu na ukuta. Nikaita tena, polepole, mara ya mwisho. Hakuna aliyesema neno.

Nikaketi, nikafunua uso. "Mumenyamaza wote. Deni limeingia kaburini. Sasa munizike, ao munipe zamu yangu."

Mama mumoja muzee akaanza kuomboleza kwa muchezo, mikono ku kichwa: "Ee, alikuwa mutu muzuri, na muhogo wake." Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Prezidenti peke yake hakucheka. Aliniangalia, akaangalia wenzake, akaona hakuna aliye upande wake. Akachukua mufuko wa franga za juma lile, akauweka ku mukeka, karibu na magoti yangu. "Amuka basi, wewe mufu wa matata."

Sikuamuka. Nilihesabu pale pale, mbele ya macho yao, bila haraka.

Kibanda kingali changu. Tangu siku ile, soko lote linaniita Marehemu, na ninaitika vizuri. Marehemu hadaiwi.