Code ya gemu tuliyoianzia kulia: mimi, Salim na ua wa bati

Wakuu, wanaostahiki shikamoo naipitisha, wengine mambo vipi.

Naleta jambo lililonitokea mwenyewe Iddi iliyopita, kwetu Pemba. Wale wa kusema "chai hii", nywesheni wenzenu kwanza halafu mrudi msome. Sina faida ya kuwadanganya watu nisiowajua hata sura.

Tuanze nyuma kidogo.

Nimezaliwa Wete. Baba yangu na kaka yake, ambaye ni Bamkubwa wangu, walijenga nyumba mbili zinazotazamana, uwanja mmoja katikati. Tulikula popote njaa ilipotukuta. Mtoto wa Bamkubwa anaitwa Salim, tumepishana miezi tu, na mtaa mzima walikuwa wanatuita pacha.

Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Maskati. Likizo moja akaja na gemu la TV. Wa zama zile mnalijua: mashine nyeupe, pedi mbili, kaseti ya njano unaichomeka juu. Isipowaka unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Nani alitufundisha kupuliza sijui, lakini naamini nchi nzima tulipuliza.

Gemu zilikuwa nyingi mle ndani, ila kwetu lilikuwepo moja. Gemu la vita. Wanajeshi wawili vifua wazi wanakimbia msituni na kupiga risasi kila kinachotikisika. Ukiokota herufi S, risasi zinatawanyika kama mtama unaowamwagia kuku. Tuliiita Sambaza. Tukigombania Sambaza, udugu ulisimama kwa muda.

Shida ilikuwa roho. Unapewa roho tatu tu, na ukigongwa na chochote imekwenda moja. Steji ya maporomoko ya maji hatukuwahi kuivuka.

Mjomba akasema ipo code ya kupata roho thelathini. Akatuchorea mishale na herufi kwenye kipande cha plasta, akakibandika mgongoni mwa kaseti, akarudi zake Maskati.

Code ikagoma.

Tulijaribu mchana, tulijaribu baada ya kula, Salim akashauri tutie udhu kwanza. Wapi. Tuliihifadhi kama sura ya Kurani chuoni, tukawa tunaiimba njiani: A, B, kulia kushoto, kulia kushoto, chini chini, juu juu. Haikukubali hata siku moja. Tukakata shauri kwamba Mjomba katuongopea, watu wazima ndivyo walivyo.

Kisha vikaja vyama vingi.

Mliokuwepo Pemba miaka ile sina haja ya kuwaeleza. Ambao hamkuwepo sitawaeleza yote, mods wasije wakaufunga uzi. Kwa ufupi, Baba alikuwa chama hiki, Bamkubwa chama kile. Mwanzo walitaniana. Baadaye wakabishana. Mwisho ikawa huyu hanunui duka analonunua yule, na msikitini wakatengana. Siku moja tumerudi skuli, tukakuta ua wa bati umekata uwanja katikati.

Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Ila Salim hakuja tena, na mimi sikwenda. Gemu likabaki kwetu nikawa nacheza peke yangu, pedi ya pili imelala sakafuni. Niseme ukweli wakuu, nililia. Mama akiniuliza nasema macho yananiwasha.

Miaka ikaenda. Ule ua ulioza ukaanguka wenyewe. Hakuna aliyeurudisha, na hakuna aliyevuka pale ulipokuwa. Wakubwa wa siasa wenyewe walikuja kupeana mikono, wakaunda serikali pamoja, sisi tukawaona kwenye TV wanacheka. Uwanjani kwetu hakuna aliyempa mtu mkono. Mimi na Salim tulibaki na salamu za msibani, asalamu alaykum, waalaykumu salaam, basi. Yeye akawa mwalimu kulekule Wete, mimi nikahamia Dar kutafuta riziki.

Sasa, mwaka jana nilikuwa napita Kariakoo nikaona kimashine kidogo cha kuchomeka kwenye TV, kimejaa gemu za zamani. Nikanunua. Nafika nyumbani naperuzi, lile gemu letu limo. Muziki wake ulipolia tu, mwili ukanisisimka.

Nikaanza kuimba ile code kwa sauti, kwa mazoea tu. Jamaa mmoja wa Moshi ninayepanga naye nyumba moja akanisikia. Akaniuliza mbona naianzia mwisho.

Wakuu, niliweka pedi chini, nikaipanga upya kichwani.

Mjomba aliandika kuanzia kushoto, kama waandikavyo wenye gemu lao. Sisi tulikuwa watoto wa chuo, kila alasiri na juzuu kwapani. Kitu kimetoka Maskati, kina mishale. Tungeanzia wapi kama si kulia?

Nikaigeuza. Roho thelathini hizo hapo.

Nilicheka mpaka jamaa akaingiwa na wasiwasi. Halafu kicheko kikakatika, maana dunia nzima yupo mtu mmoja tu wa kukielewa kichekesho kile, na sikuwa hata na namba yake ya simu.

Iddi ilipokaribia nikapanda boti na kimashine changu. Nilitaka kitu kimoja tu: Salim aingie tena nyumba ile, na Baba asimtoe. Baba sasa ni mzee, miguu inamsumbua, lakini ukali uko palepale. Jina la Bamkubwa halitajwi mbele yake.

Namba nikaipata kwa shangazi. Nikatuma meseji moja: "Ile code tulikuwa tunaisoma Kiarabu."

Kimya. Iddi mosi ikapita.

Iddi pili, baada ya alasiri, nasikia hodi. Salim huyo, kanzu imepigwa pasi, mvi zimeanza. Hata mkono hajanipa ananiuliza, "Yakhe, wasema kweli weye?"

Mama alipomwona akakimbilia jikoni, akasema anafuata halwa. Alikaa huko muda mrefu kuliko halwa inavyohitaji. Baba alikuwa chumbani, mlango umefungwa.

Tukacheza. Code ikakubali, Salim akajipigapiga mapaja kwa kucheka. Tukafika maporomoko ya maji. Mliocheza mnajua: pale mnapanda juu, na anayetangulia anaburuta kioo kiende naye, wa chini anaachwa nje ya picha na kufa bila hata kuguswa na adui. Salim akawa anapanda mbio. Namwambia nisubiri, hasikii. Anasema mimi ndiye mzito tangu udogo. Nikamwambia ndiyo tabia yenu huko, ng'ambo ya ua. Neno likanitoka hivyo hivyo, naye akalirudisha. Watu wazima na kanzu zetu, sauti zimejaa nyumba.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Baba akasimama pale kashika fremu ya mlango. Salim akaweka pedi chini, akaenda kuubusu mkono wake. Baba hakuuvuta. Alimtazama muda, akatazama TV, akamtazama tena.

Kisha akasema, "Nenda kamwite baba'ako. Mwambie watoto wanagombana huku, na miye peke yangu siwawezi."

Salim alitoka bila viatu.

Bamkubwa alikuja na bakora yake, vifungo vya kanzu havijafungwa. Akasita kizingitini. Baba akamsogezea kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye mkeka. Bamkubwa akapumua kwanza, akatutazama sisi wawili, ndiyo akamgeukia mdogo wake.

"Wanagombania nini?"

"Hata sijui, kaka."

Bamkubwa akainamisha kichwa.

"Wala miye," akasema.

Wakuu, nimejifunza hivi. Miaka yote nilidhani wazee wale wanahitaji shehe wa kuwapatanisha, mawaidha, aya na hadithi. Kumbe walikuwa wanasubiri kisingizio. Kama kwenu kuna wawili hawasemezani, msiwahutubie, watafutieni kisingizio chochote cha kukaa chumba kimoja bila mmoja wao kuonekana kashindwa.

Wenye visa vya gemu za kaseti shusheni hapa chini, nasoma zote. Ila mwenye ndugu wa kumpigia simu, ampigie kwanza, ndiyo arudi ku-comment.