Bibi Alimwita Manase

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Buterere wafalme wa Biblia waligombaniwa kuliko kisamaki cha mwisho cha ndagala kwenye sahani. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Baba, mpakuaji mizigo wa bandarini na mzee wa kanisa, hakutaka jina la kuokota. Kila jioni aliwapima wafalme. Daudi alitubu, lakini alichukua mke wa mtu. Sulemani alianza vizuri, wake zake wakampotosha. Asa alipougua miguu aliwakimbilia waganga. Mtoto analia, hana jina, na sisi tunasikiliza miguu ya Asa!

Mwishowe baba akamchagua Yosia, aliyevunja sanamu.

Bibi, mama yake baba, akaacha kuchambua mchele.

"Yule aliyekufa na mushale? Apana. Mutoto anabeba jina na kifo yake pia."

"Mama, alikuwa mufalme muzuri kupita wote."

"Muzuri, ndiyo. Akaenda kwa vita haimuhusu. Umuite Manase."

Baba nusura aangushe Biblia. "Manase! Alipitisha watoto yake kwa moto!"

"Lakini alizeeka."

Kanisani akabatizwa Yosia. Bibi hakulitamka jina hilo jua likishazama, maana aliamini kifo hupita njiani saa hizo kikisikiliza majina ya watoto. Alisimama mlangoni akaita mpaka kwenye mashamba ya mpunga: "Manase! Manase, ingia ndani!"

Wavulana wenzake Yosia walimtania: "We Manase, leo umechoma nani?" Yeye alikuja mbio akicheka, matope mpaka magotini. Baba aliguna. Mimi niliona aibu.

Baba na Bibi wametangulia. Mwaka huu maji yalipanda tena Buterere. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuwatoa watoto wake, wamesimama salama barabarani. Akarudi kumtoa mbuzi wa jirani. Mbuzi! Tena wa jirani ambaye hata salamu alimjibu kwa shida. Mbuzi alitoka. Mdogo wangu aliangukiwa na ukuta.

Msibani, shangazi mmoja akaniinamia sikioni: "Bibi yenu alisema. Ni ile jina."

"Shangazi, ni maji na ukuta."

"Mungemuita Manase."

Nimechoka na maneno hayo. Nimechoka pia na wanaoniambia nisiulize. Nimerudi kuwasoma wale wafalme polepole, kidole kwenye mstari, na mambo ni yale yale: mbaya alizeeka, mwema akapigwa mshale. Namuuliza Mungu kwa hasira, na naamini ananivumilia.

Lakini jina halikumrudisha ndugu yangu majini. Hata angebatizwa Manase angerudi. Tangu utotoni hakuweza kusikia kitu kinalia akakaa tu. Baba alitaka mtoto mwema. Bibi alitaka mtoto atakayezeeka. Walibishana kana kwamba mmoja wao hakumpenda, na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hawakuomba makubwa. Wote wawili wangeweza kupewa.

Kwenye msalaba tumeandika Yosia. Siamini kwamba kifo hupita kikisikiliza majina. Hata hivyo, jioni kabla ya kufunga mlango, nasimama pale aliposimama Bibi, naangalia upande wa mpunga, na kusema bila kupaza sauti:

"Manase, ingia ndani."